Taarifa ya Utafiti wa Saikolojia: Asili yake, Umbo lake na Uaminifu wake

I

Kila mwaka mimi husoma taarifa nyingi za wanafunzi wanaochunguza namna watu wanavyojifunza, wanavyokumbuka na wanavyoelewa lugha. Karibu zote zimepangwa kwa namna moja: kwanza utangulizi, kisha mbinu, kisha matokeo, na mwisho mjadala. Nikiuliza kwa nini sehemu ziwe hizo nne, na kwa nini ziwekwe katika mpangilio huo wala si mwingine, hujibiwa kwamba ndivyo inavyotakiwa. Jibu hilo si kosa, ila halitoshi. Umbo la maandishi hutengenezwa na watu, kwa haja fulani na katika wakati fulani. Na mwandishi asiyeijua haja hiyo aweza kulitimiza umbo lote huku akiikosa kabisa ile haja.

Makala haya yakusudia kueleza kwa ufupi historia ya taarifa ya utafiti wa saikolojia. Hoja yangu ni moja tu. Taarifa ya utafiti ni ushahidi unaotolewa mbele ya mtu ambaye hakuwapo, na ushahidi wowote husimama au huanguka kwa mfuatano wa mambo: lipi lilitangulia, lipi lilifuata, na nani alitenda. Pale waandishi walipoutunza mfuatano huo, kazi yao iliendelea kuzaa matunda hata baada ya wao kufa. Pale walipoupotosha, hata kwa nia njema, elimu yenyewe ilipata hasara. Mwishoni nitaonyesha kwa nini jambo hili lamhusu hasa yule aandikaye kwa Kiswahili.

II

Twaanza na kitabu kidogo kilichotolewa Ujerumani mwaka 1885. Mwandishi wake, Hermann Ebbinghaus, alitaka kupima kumbukumbu kwa tarakimu, jambo ambalo wakati ule wengi waliliona haliwezekani. Mtu aliyejaribiwa katika kitabu hicho alikuwa mmoja tu, naye alikuwa Ebbinghaus mwenyewe. Alitunga silabi zipatazo 2,300, kila moja ikiwa na konsonanti, irabu na konsonanti, akazipanga katika safu, akazisoma kwa kufuata mapigo ya saa, mapigo 150 kwa dakika, hata akaweza kuzikariri bila kosa. Baada ya muda aliokwisha kuuweka alijifunza upya safu zilezile, akapima ni kiasi gani cha kazi alichookoa kwa sababu ya kuwa amewahi kuzijua.

Matokeo yake yafundishwa mpaka leo. Baada ya dakika zipatazo 20 aliokoa sehemu 58 katika mia za kazi ya kwanza. Baada ya saa moja, 44. Baada ya siku moja, 34. Na baada ya siku 31, 21. Yaani usahaulifu huja kwa kasi mwanzoni, kisha hupungua mwendo.

Lakini kwa shabaha ya makala haya, namna alivyoandika ina maana zaidi kuliko alichokipata. Alieleza silabi zilivyotungwa, safu zilikuwa na urefu gani, alisoma kwa mwendo gani, saa zipi za siku, na kwamba majaribio ya usahaulifu yalikuwa jozi 163. Tena, alipofika kwenye tarakimu za saa 8.8 na za saa 24, aliona kwamba zimekaribiana mno: 35.8 na 33.7. Kwa jinsi tarakimu nyingine zilivyokwenda, pengo hilo lilikuwa dogo kupita kiasi. Ebbinghaus alisema wazi kwamba jambo hilo haliaminiki, hata tukidhani kwamba usiku na usingizi huchelewesha usahaulifu. Akadhani kwamba moja ya tarakimu zile iliguswa na mambo ya bahati, na huenda ile ya saa 24 imezidi kidogo. Kisha akaongeza kwamba uchunguzi wake mwingine unaiunga mkono tarakimu hiyohiyo, na kwa hiyo yumo katika shaka. Hakuifuta tarakimu, wala hakuinyosha ilingane na wenzake. Aliiacha mahali pake pamoja na shaka yake.

Mwaka 2015, miaka 130 baadaye, Jaap Murre na Joeri Dros wa Chuo Kikuu cha Amsterdam walitoa taarifa ya kulirudia jaribio lile. Dros alikaa kwa muda wa saa 70 hivi akijifunza na kujifunza upya safu za silabi, kwa vipindi vilevile vya Ebbinghaus. Tarakimu zake zilifanana na zile za kale kwa namna ya kushangaza. Pamoja na hayo, watafiti hao waliona kwamba mstari wa usahaulifu haushuki kwa ulaini. Kwenye saa 24 waelekea kuruka juu kidogo, na huenda sababu yake ni usingizi. Ile tarakimu ambayo mwenyewe hakuiamini, na ambayo mtu mwingine angeona haya kuichapisha, ikawa mwanzo wa swali jipya.

Haya yote yaliwezekana kwa sababu mtu aliyekufa mwaka 1909 alikuwa ameacha maelezo yaliyotosha kumwongoza kijana ambaye hakumwona. Hiyo ndiyo kazi ya taarifa ya utafiti.

III

Ebbinghaus hakuubuni mwenyewe uandishi wa namna hii. Mizizi yake yafika katika karne ya 17, wakati wachunguzi wa maumbile katika Uingereza walipoanza kujitenga na desturi ya kuthibitisha mambo kwa kutaja maneno ya wakubwa wa kale. Robert Boyle, katika kitabu chake cha mwaka 1660 juu ya majaribio ya pampu ya hewa, alieleza vyombo vyake na matendo yake kwa urefu unaochosha, hata majaribio yaliyoshindwa. Alikuwa na sababu. Watu walioweza kusimama chumbani mwake na kuona kwa macho walikuwa wachache. Wengine wote walipaswa kuona kwa njia ya maandishi. Basi maandishi yalitakiwa kuwa na vitu vingi vidogo vidogo, ili msomaji awe kama shahidi. Mwaka 1665 Henry Oldenburg alianzisha jarida la Jumuiya ya Kifalme ya London, na ndani yake habari za uchunguzi zilitolewa mara nyingi kwa umbo la barua. Hapakuwa na sehemu nne. Palikuwa na mtu asemaye: nilifanya hivi, nikaona hivi.

Saikolojia ilipojitenga na falsafa katika karne ya 19 ilirithi desturi hiyo. Wilhelm Wundt alianzisha maabara yake katika Leipzig mwaka 1879, na miaka michache baadaye akawa na jarida lake la kutangaza kazi za maabara hiyo. Msomaji wa leo akizifungua taarifa zile ataona jambo geni: watu waliojaribiwa mara nyingi wametajwa kwa majina au kwa herufi za majina yao. Walikuwa watafiti wenyewe na wanafunzi wenzao. Huyu leo hushika saa na kupima, yule hutazama taa na kujibu. Kesho hubadilishana nafasi. Tena yule aliyejibu ndiye aliyehesabiwa kuwa na kazi nzito zaidi, kwa sababu ndiye aliyeyaona yaliyopita nafsini mwake na kuyatolea habari. Ndiyo maana jina mojawapo aliloitwa lilikuwa mtazamaji.

Wakati uleule katika Ufaransa palikuwa na utafiti wa namna nyingine, wa madaktari waliowalaza wagonjwa usingizi wa maagizo hospitalini. Hapa hapakuwa na kubadilishana nafasi. Daktari alibaki daktari na mgonjwa akabaki mgonjwa. Mgonjwa huyo aliitwa kwa neno ambalo katika lugha ya matabibu lilikwisha kutumiwa hapo kabla kwa maiti ya kupasuliwa na wanafunzi wa udaktari, yaani kitu kilichowekwa chini ya mkono wa mwingine. Neno hilo ndilo lililokuja kuenea katika Kiingereza na kuwa la kawaida katika saikolojia ya karne ya 20. Mwana-isimu hawezi kulipita jambo hili bila kulitazama. Badiliko la jina, kutoka mtazamaji mpaka mtu aliye chini ya mkono, ni badiliko la cheo cha mtu katika taarifa. Wa kwanza ni shahidi. Wa pili ni kitu kinachotolewa ushahidi na wengine.

IV

Umbo tulijualo sasa lilipatikana Marekani. Chama cha Wanasaikolojia wa Marekani kilianzishwa mwaka 1892, na baada ya muda mfupi majarida yakaongezeka. Mwaka 1928 wahariri na mameneja wa majarida ya saikolojia na ya anthropolojia walikutana wakaafikiana juu ya namna ya kuandaa miswada, na mwaka 1929 maafikiano yao yakachapishwa. Yalikuwa kurasa saba hivi tu. Tena waandishi wake walikuwa wapole. Walisema kwamba hawamwamrishi mtu, bali wanatoa kipimo cha kurejewa panapokuwa na shaka. Mwaka 1944 maelezo hayo yalifika kurasa 32. Mwaka 1952 yakatolewa kama nyongeza ya jarida, kurasa 60, yakiitwa mwongozo. Toleo la saba, lililotolewa mwaka 2019, lina kurasa zaidi ya 400, nalo hufuatwa katika vyuo vya nchi nyingi ambazo hazikuwa na mjumbe katika mkutano ule wa kwanza.

Katika miaka hiyohiyo mawazo ya saikolojia yenyewe yaligeuka. Tangu mwaka 1913, John B. Watson alikuwa amefundisha kwamba saikolojia iache kuuliza yaliyomo nafsini na ishughulikie matendo yaonekanayo tu. Kwa fundisho hilo ushahidi wa mtazamaji ulikosa thamani, na umbo la taarifa likaenda pamoja na fundisho. Majina ya watu yakatoweka, na mahali pake zikaja hesabu: wangapi, wa umri gani, wa jinsi gani. Mtafiti naye akatoweka. Hakusema tena, nilifanya, alisema, ilifanywa. Toleo la nne la mwongozo, la mwaka 1994, liliwashauri waandishi wawaite watu hao washiriki, na matoleo ya karibu yapendelea mtafiti ajitaje waziwazi. Hata hivyo desturi ya miaka mingi haiondoki kwa siku moja.

Si haki kulilaumu umbo lote. Sehemu nne zina faida kubwa. Utangulizi humweleza msomaji swali na sababu yake. Mbinu humwezesha kurudia. Matokeo humpa hesabu kabla ya maoni. Mjadala humpa maoni yaliyotengwa na hesabu. Anayetafuta jambo moja tu hujua pa kulitafuta. Hatari yake iko kwingine. Kwa kuwa nadharia tete huandikwa katika utangulizi na matokeo huandikwa baadaye, msomaji hudhani kwamba na katika kazi yenyewe mambo yalikwenda hivyo. Mwaka 1963 Peter Medawar, aliyekuwa amepata tuzo ya Nobel miaka mitatu kabla, aliuliza katika mazungumzo ya redio ya BBC kama makala ya kisayansi si udanganyifu. Hakuwa na maana ya kwamba tarakimu ni za uongo. Alikuwa na maana ya kwamba umbo la makala hutoa picha isiyo ya kweli ya namna mawazo yalivyompata mtafiti.

Wakati huohuo palikuwa na mfano mwema karibu nasi. Mary Ainsworth alifika Uganda mwaka 1954, akafanya kazi chini ya Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki, Makerere. Nia yake ya kwanza ilikuwa kuchunguza kuachishwa ziwa, kwa kuwa alikuwa amesikia kwamba Waganda humpeleka mtoto kwa ndugu wakati huo, naye alitaka kuona utengano huo wamfanya nini. Alikuta kwamba wengi walikwisha kuiacha desturi hiyo. Basi akageuza swali, akatazama jinsi mtoto anavyojenga mapenzi na mama yake. Aliwatembelea watoto 28 wa jamaa 26, kwa msaada wa mkalimani, kila baada ya majuma mawili hivi, na mwaka 1967 akatoa kitabu. Katika kazi hiyo nadharia ilikuja baada ya kuona, wala mwenyewe hakuficha kwamba alikwenda kwa swali moja akarudi na jingine. Watoto wameelezwa mmoja mmoja, kiasi kwamba msomaji aweza kukubali makundi yake au kuyakataa kwa kutazama mambo yaleyale aliyoyatazama yeye.

V

Dalili za maradhi zilionekana mapema. Mwaka 1959 Theodore Sterling alihesabu makala za majarida manne ya saikolojia yaliyotumia vipimo vya takwimu kuamua kama tofauti iliyoonekana ni ya kweli au ya bahati. Zilikuwa 294. Kati yake, 286 zilisema kwamba tofauti imepatikana; nane tu zilisema haikupatikana. Haiwezekani watafiti wakawa na bahati ya namna hiyo. Ama waliopata kinyume hawakuchapishwa, ama walioandika walichagua la kuandika.

Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daryl Bem alitoa maelezo ya kuwafundisha vijana kuandika makala. Alisema kwamba kuna makala mbili uwezazo kuandika: ile uliyoikusudia ulipopanga utafiti, na ile inayoleta maana zaidi baada ya kuyaona matokeo, na lililo sawa ni kuandika ya pili. Halikuwa shauri la mtu mwovu. Walimu wengi walitoa shauri kama hilo kwa mdomo, maana makala ya pili husomeka vizuri zaidi. Mwaka 1998 Norbert Kerr alionyesha ubaya wake: mtu akibuni nadharia tete baada ya kuona matokeo, kisha akaiweka mbele kana kwamba aliitangulia, nadharia hiyo haijajaribiwa hata kidogo. Ni sawa na mpiga mshale anayepiga ukuta kwanza, ndipo akachora shabaha pale mshale ulipochoma.

Nami sina ruhusa ya kunyoosha kidole tu. Nilipokuwa nikisomea udaktari ng'ambo, nilifanya jaribio la usomaji wa sentensi za Kiswahili ambamo upatanisho wa ngeli umeharibiwa kwa makusudi. Nilitabiri kwamba wasomaji wangekwama zaidi pale kosa lilipokuwa karibu na nomino. Matokeo yalikuja kinyume: walikwama zaidi lilipokuwa mbali. Niliandika hivyo katika mjadala, pamoja na maelezo niliyoyafikiri baadaye. Mmoja wa walionisimamia alisoma akasema kwa upole kwamba maelezo yale ni mazuri mno kukaa mwishoni; niyapeleke kwenye utangulizi. Nikayapeleka. Sikubadili tarakimu hata moja. Nilihamisha aya mbili tu na kubadili njeo za vitenzi, na kazi ikasifiwa kwa utabiri wake.

Miaka kadhaa baadaye, nikiwa mwalimu, mwanafunzi wangu aliniuliza niliwezaje kukisia jambo ambalo kila mtu angelidhania kinyume. Nilimwambia kweli, pamoja na aibu yake. Yeye hakunicheka, aliniomba turudie jaribio. Tulilirudia kwa wasomaji wengi zaidi kuliko wale wa kwanza, na tofauti ile haikuonekana. Kama ningaliliacha jambo lile katika mjadala, kila msomaji angalijua kwamba ni dhana inayongoja kujaribiwa, na huenda mtu angaliijaribu mapema.

Katika saikolojia kwa jumla hesabu ilifika muongo wa 2010. Mwaka 2011 Bem huyohuyo alitoa makala ya majaribio tisa, yenye washiriki zaidi ya 1,000, yaliyodai kwamba watu waweza kuhisi mambo kabla hayajatokea. Makala ilifuata kanuni zote za umbo, na jarida kubwa likaichapisha. Watafiti wengine waliorudia sehemu ya majaribio hayo hawakupata kitu. Swali likawa zito: kama umbo letu laweza kuthibitisha jambo kama hili, limethibitisha mangapi mengine? Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lilitangaza matokeo ya kurudia tafiti 100 kutoka majarida matatu. Katika taarifa za awali, sehemu 97 katika mia zilidai tofauti halisi. Katika kurudiwa, zilikuwa 36 tu katika mia.

Dawa iliyopendekezwa yahusu mfuatano hasa. Tangu mwaka 2013, jarida la Cortex lilianza kupokea taarifa za namna mpya: mtafiti hupeleka utangulizi na mbinu kabla ya kukusanya chochote; wahakiki huamua kwa kutazama ubora wa swali na wa njia; na taarifa ikikubaliwa huchapishwa matokeo yawayo yote. Majarida mengi yamefuata. Mwaka 2021 ulitangazwa ulinganisho wa taarifa 71 za namna hii na taarifa 152 za kawaida. Katika zile za kawaida, 96 katika mia ziliunga mkono nadharia tete yao ya kwanza. Katika zile zilizosajiliwa kabla, 44 katika mia. Sehemu nne hazikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba mpangilio wa kurasa umelazimishwa ulingane na mpangilio wa matendo.

VI

Sasa na tukitazame Kiswahili, kwa maana lugha yetu ina vyombo vyake vya kutunza mfuatano, na mwandishi asiyevijua huvitumia vibaya.

Kwanza ni kiambishi -ka-. Katika masimulizi kitenzi chenye -li- hufungua habari, na vyenye -ka- huifuata kimoja baada ya kimoja: tuliwapa karatasi, tukawasomea maneno, tukawaacha kwa nusu saa. Hapa sarufi yenyewe yatoa ushahidi wa utaratibu. Mtu akiandika, "Tulidhani kwamba wangesahau, tukawajaribu, tukaona ni kweli," ameapa kwamba dhana ilitangulia. Kama sivyo ilivyokuwa, sarufi yampa sentensi nyingine iliyo nyofu: "Tuliwajaribu, tukaona wamesahau, ndipo tulipodhani." Tofauti ya sentensi hizi mbili ndiyo niliyoihamisha mimi katika tasnifu yangu.

Pili ni kauli ya kutendwa. "Washiriki watano waliondolewa katika hesabu." Ni sentensi sahihi, na imejaa taarifa zetu. Lakini nani aliwaondoa, lini, na kwa kanuni gani? Kama waliondolewa kabla ya matokeo kujulikana, ni jambo la kawaida. Kama waliondolewa baadaye, ni jambo jingine kabisa. Afadhali kuandika, "Kabla ya kuhesabu matokeo tuliwaondoa washiriki watano ambao hawakumaliza kazi." Kutumia nafsi ya kwanza hapa ni kukubali jukumu, wala si majivuno.

Tatu ni kiambishi hu-. Mtafiti huwapima wanafunzi 40 wa shule moja, na mbinu yake huandikwa kwa -li-. Akifika kwenye mjadala huandika, "Watoto hukumbuka picha kuliko maneno." Kwa silabi moja ameruka kutoka darasa moja mpaka kwa watoto wote wa dunia. Kosa hili si letu peke yetu. Uchambuzi uliotolewa mwaka 2008 juu ya majarida sita makubwa ya Marekani ulionyesha kwamba sehemu 68 katika mia za watu waliochunguzwa walikuwa wa Marekani, na sehemu 96 katika mia walikuwa wa nchi za Magharibi zenye viwanda. Na hata hivyo makala zilisema juu ya binadamu. Sisi ambao hatukuhesabiwa tungepaswa kuwa wa kwanza kulichunga neno hilo.

Nne ni jina la mtu anayechunguzwa. Mjaribiwa hutokana na jaribiwa, kitenzi cha kutendwa, na hubeba kutendwa kwake ndani ya mwili wa neno. Mtazamaji na mshiriki hutokana na vitenzi vya kutenda. Hakuna sheria ya kuchagua moja daima. Mtoto mchanga aliyepimwa macho hakushiriki kwa hiari, na kumwita mshiriki ni kumpamba tu. Ila mwandishi achague akijua, na baada ya kuchagua asibadilishe katikati ya taarifa.

Tano ni vifaa vyenyewe. Anayetaka kurudia kazi ya Ebbinghaus kwa Kiswahili ataona mara moja kwamba silabi zake haziwezi kunakiliwa. Silabi zetu kwa kawaida huishia kwa irabu, na nyingi zilizo fupi zina kazi katika lugha: na, la, wa, ni, si, ja. Hakuna wepesi wa kupata silabi 2,300 zisizo na maana. Itabidi atunge maneno ya silabi mbili au tatu yanayosikika kama Kiswahili nayo si Kiswahili, kisha ayahakikishe kwa wasemaji wa sehemu mbalimbali, maana neno lisilo na maana Unguja huenda lina maana Mombasa au Lubumbashi. Yote haya yaandikwe katika mbinu. Kuandika tu kwamba "zilitumika silabi zisizo na maana" ni kumnyima msomaji jambo ambalo ndilo gumu.

VII

Kutokana na historia hii nawashauri wanafunzi wangu mambo machache. Sehemu ya mbinu iandikwe kabla jaribio halijafanywa, itiwe tarehe, na mtu mwingine aione. Daftari la kila siku litunzwe, lenye makosa na mabadiliko. Katika utangulizi iwekwe ile nadharia tete iliyokuwapo mwanzo, hata kama imeshindwa. Na ile iliyokuja baadaye iwekwe katika mjadala, kwa jina lake halisi la dhana. Idadi ya walioondolewa na ya vipimo vyote vilivyofanywa itajwe, si ya vile vilivyofaulu tu. Na tarakimu isiyolingana na wenzake iachwe mahali pake.

Shauri hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote, nami nimeona wanafunzi wakilipinga kwa hofu ya alama. Huwaambia kwamba sitapunguza alama kwa matokeo yaliyokwenda kinyume, na kila mwaka nalazimika kuitimiza ahadi hiyo, maana wako wanaonijaribu. Taarifa zao hazina utabiri wa kushangaza, na nyingine zaisha kwa kusema kwamba mwandishi yumo katika shaka. Lakini nikizisoma najua ni nini kilitangulia na ni nini kilifuata, na kama ningetaka kulirudia jaribio ningejua pa kuanzia.